Meseji za kikundi bila nukta wala alama ya kuuliza: makosa gani yanaleta hasara, na yapi ni ya kuvumilia?

Katibu_wa_Muda

Wakuu, habari za mchana.

Naandaa mwongozo wa ukurasa mmoja kwa wanaotuma ujumbe ndani ya chama cha msingi cha korosho, huku Tandahimba. Watumaji ni makarani wa ghala, wajumbe wa bodi, madereva na wapimaji. Wapokeaji wako wa aina mbili: wenye simu kubwa walio kwenye kikundi, na wakulima wa kiswaswadu (simu ndogo ya vitufe) wanaopata SMS tu. Msimu ukifunguliwa ujumbe unakuwa mwingi, na kila mtu anaandika anavyozungumza, mstari mmoja mrefu usio na kituo.

Sitaki darasa la sarufi ya kidato cha nne. Nataka kujua makosa gani hasa yanageuza maana na yanazuiwaje. Mifano ya aina inayozunguka:

"Hapana shida ipo mizani"

"Nilipe kesho"

"Hamisi Juma Saidi Salumu wafike ofisini saa 8"

"Kuna magunia ya korosho zimelowa"

Kila mmoja una watu wawili waliousoma tofauti, na wote wawili wana haki. Karibuni.

---

MwlKusini

Katibu, mifano yako ni mizuri kuliko ya vitabuni. Nichukue miwili ya kwanza.

Alama ya kuuliza ndiyo iwe ya kwanza kwenye ukurasa wako. Kiswahili hakibadilishi mpangilio wa maneno kinapouliza swali la ndiyo au hapana. "Mzigo umefika" ni taarifa, "Mzigo umefika?" ni swali, na maneno ni yaleyale kwa mpangilio uleule. Tukiongea, sauti ndiyo inayotofautisha. Kwenye maandishi sauti haipo, kwa hiyo kazi yake yote inabebwa na kialama kimoja. Karani akiuliza "Gari limetoka Newala" bila alama, mpokeaji wa ghalani anaandaa vibarua wa kushusha mzigo, kumbe mwenzake alikuwa anauliza tu.

Dawa ni kufunga pande mbili: "Je" mwanzoni na "?" mwishoni. "Je, gari limetoka Newala?" Hiyo "Je" si mapambo. Meseji nyingi husomwa kwa sauti mbele ya wengine, na msomaji anahitaji kujua tangu neno la kwanza kwamba anasoma swali. Tena mtu akisahau alama, "Je" inabaki kumwokoa.

Sasa "Nilipe kesho". Hapa tatizo limelala ndani ya kitenzi. Kiambishi "ni" kinaweza kuwa mtenda au mtendwa. Kwa hiyo "nilipe" ni "mimi nilipe", na pia ni "wewe unilipe mimi". Maumbo mawili, sura moja. Na mwisho wa kitenzi hausaidii, maana amri yenye mtendwa ndani yake huishia na "e" sawasawa na kitenzi cha kuomba ruhusa. Ndugu zake ni "nisubiri", "nitumie", "niachie", "nipigie". "Nitumie" ina balaa la ziada, kwani ni ya kutuma na ya kutumia vilevile: "Nitumie gunia za zamani" inaweza kuwa anaomba aletewe, au anauliza kama azitumie.

"Tu" ina ugonjwa huohuo: "Tusubiri" ni sisi tungoje, au ninyi mtungoje sisi? Ukiwaambia watu wengi, taja mtenda: "mtusubiri", "mtulipe". Hapo utata umekwisha, kwa sababu "m" hiyo ya mwanzo inasema watenda ni ninyi.

Kwa mtu mmoja, taja wote wawili, mtenda na mtendwa: "Naomba unilipe kesho" au "Je, nikulipe kesho?" Ni herufi chache tu zimeongezeka, na hapo kuna pesa.

"Hapana shida ipo mizani" ni suala la kituo. "Hapana" inajibu swali, na pia ina maana ya "hakuna". Weka kituo baada ya neno la kwanza: "Hapana. Shida ipo: mizani." Kisogeze neno moja mbele: "Hapana shida. Ipo mizani." Ya kwanza inasema mizani imegoma, ya pili inasema mizani ipo, leteni mzigo. Kanuni ya kuandika ukutani: anayejibu swali aweke nukta au mkato mara tu baada ya "ndiyo", "hapana", "sawa", "bado". Hasa "bado". "Bado tumepima gunia 40" sijui ameanza au amemaliza.

---

MpigaChapa_Lindi

Naongezea yanayoonekana sana mtu anapoleta tangazo la kuchapa.

Majina kwanza. Kwetu jina la mtu ni mnyororo: lake, la baba, la babu. Na yote matatu yanaweza kuwa jina la kwanza la mtu mwingine. Ukiandika "Hamisi Juma Saidi Salumu wafike", msomaji hana njia ya kujua ni watu wanne, watatu, au wawili wenye majina mawili mawili. "Wa" ya "wafike" inamwambia tu kwamba si mmoja. Ni mkato pekee unaotenganisha: "Hamisi Juma, Saidi Salumu". Mimi nisingeishia hapo. Weka idadi kabla ya orodha na nuktapacha baada yake: "Wafuatao 2 wafike ofisini: Hamisi Juma, Saidi Salumu." Idadi inamlinda msomaji hata mkato ukipotea wakati mtu anahamisha ujumbe kwa mkono.

Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Rashid na Rashidi, Hassan na Hasani, Mohamed na Mohamedi, huku kusini tunaona ni jina moja. Akaunti ya benki haioni hivyo. Malipo ya mkulima yanapitia akaunti, na jina la orodha lisipolingana na la akaunti, fedha hukwama mpaka orodha isahihishwe. Kwenye fomu usimsikilize mtu anavyotamka jina. Mwombe kitambulisho, nakili.

Saa. "Saa 8" peke yake haifai. Mmoja anasoma saa nane ya mchana, mwingine ameangalia simu yake inayoonesha 08:00 akaelewa saa mbili asubuhi. Andika neno la wakati kila mara: saa 8:00 mchana. Kama unanakili kutoka kwenye kitu kilichochapwa kwa mtindo wa kigeni, toa au jumlisha 6. Tiketi ya basi yenye 06:00 ni saa 12:00 asubuhi, si saa sita. Aliyeisoma vibaya atafika stendi basi liko mbali sana.

Fedha. Kwa maneno, "laki mbili na hamsini" sote tunaelewa 250,000, lakini ukiisoma kwa haki ya lugha ni 200,050. "Elfu kumi na tano" ni 15,000 au 10,005. Kwenye mazungumzo haisumbui. Kwenye hati ya makubaliano andika tarakimu na maneno: Sh 250,000 (laki mbili na elfu hamsini). Mkato hutenga maelfu, nukta hutenga sehemu ya kilo au ya shilingi. Kilo 1,250 ni tani moja na robo. Kilo 1.250 ni kilo moja na robo. Nimeona pia "72,5" kwa maana ya sabini na mbili na nusu. Usikubali hiyo, maana anayejumlisha atadhani tarakimu zimepotea. Ni 72.5.

Halafu "2" ya vijana. "2metuma", "2po", "2taleta". Peke yake inasomeka. Ikikaa karibu na hesabu ni hatari: "nimetuma 2 elfu kumi" ni "nimetuma tu elfu kumi", lakini karani ataona mbili. Chama kipige marufuku tarakimu ndani ya maneno, hata kama mengine yote yataachwa.

---

Shangani_Boy

Mnamtisha katibu bure. Watu wameelewana miaka yote bila nuktapacha. Lugha ni kuelewana, mtu asipoelewa apige simu. Au atume sauti, mambo yaishe. Kwanza mwenye kiswaswadu hizo alama anazitoa wapi? Kila kitufe abonyeze mara nne? Na SMS ikiwa ndefu inakula salio mara mbili.

---

KaraniGhala

Mdogo wangu wa Shangani, ujumbe wa sauti una matatizo matatu. Hauwezi kupelekwa kwa mwenye kiswaswadu. Hauwezi kutafutwa baadaye ukitaka kujua ulisema kilo ngapi. Na ghalani, mashine ikinguruma, hausikiki. "Apige simu" ni sawa kwa watu wawili, si kwa mia nne.

Hoja yako ya salio ina ukweli, ila sababu si urefu peke yake. SMS moja hubeba herufi 160 za kawaida, nafasi na alama zikiwemo. Ukizidisha, inakatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande kinalipiwa kama SMS. Lakini ukiweka herufi hata moja iliyo nje ya orodha ya kawaida ya mtandao, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine ambao SMS moja hubeba herufi 70 tu, na ikigawanyika ni 67 kwa kipande. Tangazo la herufi 150 lililokuwa SMS moja linakuwa tatu.

Wanaosababisha hivyo ni wawili. Vikatuni vya uso, hilo wengi wanalijua. La pili halijulikani: ritifaa iliyopinda. Ritifaa iliyonyooka (') imo kwenye orodha ya kawaida. Iliyopinda (’) haimo. Ukinakili tangazo kutoka kwenye programu ya kuandikia ya kompyuta, au kutoka kwenye simu inayozipinda yenyewe, "Ng’apa" moja inatosha kuongeza gharama kwa orodha nzima ya wapokeaji. Alama za kunukuu zilizopinda zina madhara hayohayo, na kistari kirefu pia. Kabla ya kutuma kwa wengi, futa ritifaa uiandike upya kwenye kibodi ya kawaida, halafu angalia kihesabu cha herufi.

Si kwamba uiache. Ng'apa ya Lindi bila ritifaa inasomeka na "ng" ya "ngoma", wakati ni ile ya "ng'ombe". Mgeni anayeuliza njia ataitamka kama alivyoiona.

Kuhusu vitufe: kwenye simu ndogo nyingi, kitufe cha 1 ndicho kina alama. Bonyeza mara moja upate nukta, endelea kubonyeza upate mkato, alama ya kuuliza na nyingine. Kwenye Nokia nyingi kitufe cha nyota hufungua orodha nzima. Simu kubwa ni rahisi zaidi: gusa nafasi mara mbili, nukta inajiweka, bonyeza na ushikilie nukta, alama nyingine zinatokea juu yake. Na kibodi iongezewe Kiswahili. Kwenye Gboard fungua mipangilio yake, ingia kwenye lugha, ongeza kibodi, chagua Kiswahili. Ikibaki Kiingereza tupu inasahihisha maneno yetu kuwa ya kwao, na mtumaji haoni mpaka imeshakwenda.

Sasa mfano wa nne wa katibu, ambao hakuna aliyeugusa. "Kuna magunia ya korosho zimelowa." Upatanisho hapa ndio unaoamua nini kifanyike. "Magunia ya korosho *yaliyolowa*" maana yake maji yako kwenye magunia: hamisha mzigo, anika magunia, kagua. "Magunia ya korosho *zilizolowa*" maana yake korosho zenyewe zimeshika maji: hizo zimwagwe zianikwe upya, maana zikifungiwa na unyevu zinaota ukungu na daraja linashuka. Ni "ya" na "zi" tu. Anayejua sarufi ameshajua kazi ya asubuhi yake. Ujumbe wa katibu una "zi", kwa hiyo kwa kanuni ni korosho. Lakini aliyeandika huenda ni wa wale wanaotumia "zi" na "i" kwa kila kitu, ndiyo maana watu wawili walisoma tofauti.

Kwa hiyo tusidharau "korosho imefika", "barua imefika", "mizani imeharibika". Maneno kama mizani, barua, risiti hayabadiliki katika wingi. Kitu pekee kinachosema ni moja au nyingi ni kile kiambishi: mizani *i*meharibika, moja, mizani *zi*meharibika, zaidi ya moja. Fundi atakuja na vifaa vya moja.

---

MwlKusini

Karani ametoa somo. Niongeze kipande kuhusu watu. Upatanisho unasaidia pale nomino mbili zikiwa za ngeli tofauti: "gari la mjumbe lililopata ajali" na "gari la mjumbe aliyepata ajali" hazichanganyi. Lakini "mtoto wa jirani aliyelazwa" haina msaada, kwani mtoto na jirani wote ni wa "a". Hapo mkato hautibu. Vunja sentensi: "Mtoto wa jirani amelazwa" au "Jirani amelazwa, mtoto wake..."

Na sasa "h", maana huku pwani tunaila na kuiongeza tunavyotaka. Si kila "h" iliyodondoka ni hatari. Angalia: "amelipa" kinyume chake "hajalipa". Ukidondosha h unapata "ajalipa", neno ambalo halipo, kila mtu anajua ulitaka nini. "Alilipa" kinyume "hakulipa", vilevile. "Analipa" kinyume "halipi". Kiswahili kinabadilisha sehemu mbili za kitenzi kinapokanusha, kwa hiyo kosa moja halitoshi kugeuza maana.

Isipokuwa wakati ujao, kwa mtu mmoja. "Atalipa", "hatalipa". Tofauti ni h tupu. Vivyo hivyo "ana" na "hana". "Mnunuzi atalipa Ijumaa" na "Mnunuzi hatalipa Ijumaa" ni mbingu na ardhi, na kuna wanaoandika ya pili wakimaanisha ya kwanza. Kwa watu wengi hatari haipo: "watalipa" na "hawatalipa" zimetofautiana vya kutosha.

Basi usimwambie mwandishi "jifunze h". Mwambie asitumie umbo hilo kwenye mambo ya fedha. Badala ya "hatalipa" aandike "hawezi kulipa". Hata akiandika "awezi kulipa", hakuna atakayesoma "anaweza". Badala ya "hana kitambulisho", "hajaleta kitambulisho". Unamjengea mtu ukuta pale anapoteleza.

"W" ya kutendwa nayo iangaliwe: "mkulima amelipa" ni mdaiwa aliyemaliza deni, "mkulima amelipwa" ni aliyepokea haki yake. Kidole kikiruka w, daftari linageuka.

---

Mzee_wa_Mikindani

Nawasalimu. Nimesoma yote.

Barua za Kiswahili za kale zaidi zinazojulikana ziliandikwa hapa jirani, Kilwa, mwaka 1711, kwa hati za Kiarabu, na leo zimehifadhiwa Goa, India. Waandishi wa barua za pwani enzi hizo hawakuwa na alama ya kuuliza kama yetu. Walitumia maneno kufanya kazi ya alama. Salamu zikiisha, unaandika "ama baada", na msomaji anajua sasa hoja inaanza. Kwa mwenye kiswaswadu naona njia hiyo bado inafaa: "je" kwa swali, "la" au "siyo" kwa kukanusha, "yaani" kwa kufafanua, "mwisho" kwa kufunga. Neno halipotei kama alama.

La pili ni siku. Kwa watu wa pwani siku huanza magharibi, jua likizama. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa msikitini ni Alhamisi baada ya magharibi. Kwa kijana ni Ijumaa yenyewe usiku. Wote wanasema Kiswahili sahihi. Ukiandika mwaliko wa maulidi au hitma ukaacha hivyo, nusu watafika kesho yake. Andika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa", na tarehe pembeni. Na ukisema saa 6:00 usiku, taja ni usiku wa kuamkia siku gani.

La tatu, vijana mwache "kwasababu" na "kwahiyo" na "kwanini". Ni "kwa sababu", "kwa hiyo", "kwa nini". Na msikate "nime tuma", "ana kuja", "wali fika". Kitenzi cha Kiswahili ni neno moja na viambishi vyake. BAKITA ipo tangu 1967 kwa kazi hiyo ya kusimamia lugha, nasi tunaiandika kama tumeokota.

---

MwlKusini

Shikamoo mzee. La "ama baada" nimelipenda, katibu aliweke.

Kuhusu la tatu, kwa ukurasa mmoja ningetenga. "Kwasababu" ni kosa la uchafu: halipotoshi mtu. Kukata vitenzi ni kosa la uchafu mara nyingi, ila pana pale linapouma: "nakuja kesho" ni mimi ninakuja, "na kuja kesho" inaungana na neno la nyuma. "Mjumbe kapokea fomu na kuja kesho" na "Mjumbe kapokea fomu, nakuja kesho" si habari moja. Kwa hiyo "na" ya mwanzo wa kitenzi ishikane na kitenzi, hilo liingie. Mengine yaende kwenye ukurasa wa pili atakapoupata.

L na r vilevile. "Ripa" kwa "lipa" linasomeka tu. Lakini "wajumbe watapiga kula saa 7:00 mchana" litaleta watu wenye njaa, na "mahari pa mkutano" lina mambo ya posa ndani yake. "Thamani" na "samani" ni ya kuangalia kwenye orodha ya mali za ofisi: moja ni bei ya kitu, nyingine ni meza na viti.

---

Shangani_Boy

Sawa, nimekubali la ritifaa na salio, hilo sikulijua. Ila katibu, ukiweka sheria kumi hakuna atakayesoma. Weka tatu.

---

Katibu_wa_Muda

Nashukuru sana wakuu, na shikamoo mzee. Shangani hapo kasema kweli. Nimezigawa hivi: kwa kila mtumaji, swali lianze na "Je" liishe na "?", jibu la "hapana", "ndiyo" au "bado" lifuatwe na nukta, na saa, tarehe, kilo na fedha viandikwe kwa tarakimu, pamoja na neno la asubuhi, mchana au usiku. Kwa makarani naongeza ya upatanisho, ya "hatalipa", ya w na ya majina yenye mkato na idadi. Mengine nimeyaweka nyuma ya karatasi.

Hii SMS ya kwanza kwa wakulima, naomba ipitieni kabla sijaituma:

"Chama: mnada Alhamisi 16/10/2025, saa 3:00 asubuhi, ofisini. Njoo na kitambulisho na namba ya akaunti. Huwezi kufika? Piga simu kwa katibu kabla ya Jumatano."

Nimehesabu, ni herufi 157.

---

KaraniGhala

Nzuri, inatosha SMS moja na haina herufi ya ajabu. Shida ni "kabla ya Jumatano". Wapo watakaopiga Jumatano asubuhi wakiamini wamewahi. Weka siku ya mwisho na saa yake: "mwisho Jumanne saa 10:00 jioni". Lakini ukiingiza hivyo unafika 170, inakatika vipande viwili.

---

MpigaChapa_Lindi

Punguza pengine. "Piga simu kwa katibu" iwe "Mpigie katibu", herufi 7 zimetoka. Mwaka utoe, mnada ni wiki hii na siku imetajwa, nyingine 5. Inabaki 158:

"Chama: mnada Alhamisi 16/10, saa 3:00 asubuhi, ofisini. Njoo na kitambulisho na namba ya akaunti. Huwezi kufika? Mpigie katibu mwisho Jumanne saa 10:00 jioni."

---

Mzee_wa_Mikindani

Hapo baada ya "katibu" weka mkato. "Mpigie katibu, mwisho Jumanne." Bila mkato atatokea mtu wa kuuliza katibu mwisho ni nani.

---

Katibu_wa_Muda

159. Naituma.